Je, Mwanamke Mwenye Virusi Aulizwe, au Aamuliwe?

Iko hoja inayosikika katika vijiji vya Kasongo, na vya Kabambare vilevile. Mwanamke akionekana kuwa na virusi vya ukimwi, ugonjwa ambao wengi huko huuita Sida, watu husema mambo yake sasa yaamuliwe na wengine. Mume aamue kama atabaki nyumbani. Wazee waamue kama atazaa tena. Muuguzi aamue nani aambiwe. Nao hawasemi hivyo kwa ubaya siku zote, wasema, "Ugonjwa huu si wake peke yake." Neno hilo lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yafaa lipimwe polepole.

Kwanza ifahamike hali ya ugonjwa wenyewe, maana hukumu nyingi zatoka katika habari za zamani. Mama asiyepata dawa aweza kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, wakati wa kuzaa, au kwa maziwa: katika watoto 100, 15 mpaka 45 huambukizwa. Mama akipewa dawa na kuzimeza vema, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Tena mtu amezaye dawa kila siku, hata virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Basi asemaye kwamba mwanamke huyo akizaa anaua, asema maneno ya miaka ya 1980, siku ambazo dawa hizo hazikuwapo.

Lakini hata kama hatari ingalikuwa kubwa zaidi, swali lingebaki. Nchini Namibia wanawake watatu wenye virusi walikwenda kuzaa katika hospitali za serikali, wakafungwa uzazi. Karatasi zilikuwako, na sahihi zilikuwako. Mwaka 2012 majaji hawakuona uthibitisho kwamba walitendewa hivyo kwa sababu ya virusi. Hata hivyo walikata kwamba wanawake hao hawakuridhia kwa hiari na kwa kuelewa, na mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ikakubali hukumu hiyo. Mtu aliye katika uchungu wa kuzaa hutia kidole popote anapoonyeshwa. Je, hiyo ni ridhaa? Mkono umekubali, nia haikuulizwa.

Kongo ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za watu wenye virusi. Ilirekebishwa mwaka 2018. Mwaka 2016 sheria ya jamaa nayo iliondoa ile amri ya mwaka 1987 iliyomtaka mke apate ruhusa ya mumewe katika mambo ya kisheria. Sheria zimeandikwa Kinshasa. Njia ya kutoka Kabambare mpaka Kasongo, wakati wa mvua, ni matope.

Na mume je? Yeye pia ana uhai, na uhai huo una haki ya kulindwa. Hapa wanaotetea wanawake hukosea wakipita upesi. Mke anayemficha mumewe hatari aijuayo anamnyima mumewe neno la kuamua, kama yeye mwenyewe asivyopenda kunyimwa. Lakini fikirini linalotokea siri ikitolewa kwa nguvu. Muuguzi amwambia shemeji, shemeji awaambia majirani, mwanamke afukuzwa bila watoto wake. Mwezi ufuatao wanawake wengine wa kijiji hawaendi kupimwa, na wale wenye dawa huzificha chini ya unga, wakakosa siku mbili, tatu, mpaka virusi vikapata nguvu tena. Mume aliyetakiwa kulindwa sasa yuko hatarini kuliko mwanzo.

Tena wako wale ambao hawakuchagua lolote. Katika vita vya miaka ya 1996 mpaka 2003 wanawake wengi wa Maniema walishikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Kumwuliza mmoja wao, mbele ya ukoo, "Uliupata wapi?" ni kumwita mshtakiwa mtu aliyeibiwa.

Muuguzi mwenye akili humwuliza mwanamke ni siku gani angependa kuja na mumewe, na kama ataka kusema mwenyewe au asaidiwe kusema. Wengine huhitaji wiki moja. Wengine huhitaji kwanza kujua watalala wapi, kama mlango ukifungwa.