Waya Uliofungwa Una Aliyeufunga

Mimi ni fundi wa magari. Goma nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na hapa Rugerero nasaidia kwenye garaji moja ya kando ya barabara. Mara ya kwanza nilifika hapa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22. Tulilala siku chache, tukarudi. Mara ya pili ni Januari 2025, na hiyo mpaka leo haijaisha.

Naandika kuhusu kosa langu, maana limeniachia swali linalotuhusu sisi tunaopokea msaada na ninyi mnaougawa: ukiona kitu kimeharibika, una haki ya kukitengeneza kabla hujajua kwa nini kiko hivyo?

Gari lilikuwa Land Cruiser ya zamani, ya shirika moja. Dereva alikuwa kijana, ana wiki tatu tu na gari lile. Akaniambia, "Papa fundi, hii shofaji inanimaliza. Naweka kwa baridi, inatoa moto. Nazima feni, moto ingali inakuja."

Kwa asiyejua: joto la ndani ya gari linatoka kwenye maji yale yale yanayopoza injini. Yanatoka huko yakiwa na nyuzi 80 au 90, yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na hewa inayopita hapo inapata moto. Kwenye magari kama lile kuna robine ya kufunga njia ya maji, inayovutwa na keble kutoka kwa dereva. Basi unashika zile tiyo mbili zinazoingia ndani. Zote zikiwa moto wakati dereva ameweka kwa baridi, ujue robine haijafunga.

Nilishika. Zote moto. Nikaangalia robine, nikakuta imekazwa kwa waya ili ibaki wazi. Nikacheka: mafundi wengine bwana! Nikaukata waya, nikarudisha keble mahali pake, hewa baridi ikatoka. Dakika ishirini. Kijana akanishukuru sana.

Kesho yake alikuwa anapanda na watu wanne kuelekea Mukamira. Walipopita Mahoko, mshale wa joto ukafika mwisho na mvuke ukajaa mbele. Walikaa kando ya barabara saa mbili nzima wakingoja gari lingine. Gasketi ya injini ilikuwa imeungua.

Nikatafuta namba ya dereva wa zamani, nikampigia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ule waya mliukata?" Kumbe rejeta kubwa ilikuwa imeziba kwa kutu. Aliomba mpya, hakupewa. Ndipo akaiacha shofaji wazi siku zote na feni inazunguka, ili rejeta ndogo isaidie ile kubwa kutoa joto. Madereva wa milimani wanaijua mbinu hiyo. Alikubali kutoka jasho yeye ili injini isife. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, na maelezo ya waya yakaondoka naye.

Dalili zote nilikuwa nazo. Maji ya rejeta yalikuwa ya rangi ya udongo. Na waya haujifungi wenyewe. Uliofungwa una aliyeufunga, na aliyeufunga alikuwa na sababu. Mimi sikuuliza.

Mkubwa wa kijana akasema ni uzembe, hakuangalia mshale, atakatwa mshahara. Ningeweza kunyamaza. Garaji ikikosa magari ya shirika lile, mkimbizi ndiye wa kwanza kuambiwa asirudi. Sikulala vizuri. Asubuhi nilienda nikasema: kosa ni langu. Kijana hakukatwa. Gari lao halikurudi kwetu, na bosi wangu hadi leo ananisalimia kwa shingo upande.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Mama mmoja jirani yangu aliuza blanketi alilopewa. Usiku wa huku mnaujua. Mtu akaja na fomu, akaandika kwamba blanketi halikuwa hitaji lake. Hakuuliza. Mama alinunua vocha za simu, apige Goma namba moja baada ya nyingine, kumtafuta mtoto wake waliyepotezana siku ya kuvuka. Blanketi lililouzwa lilikuwa waya wake.

Wewe unayeshika fomu, sisemi una roho mbaya. Mimi pia sikuwa na roho mbaya nilipokata. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua. Nadhani madhara mengi ya watu wema yanaingia kwa mlango huo.

Lakini na sisi tusiuabudu waya. Ule waya uliokoa injini, na papo hapo uliuficha ugonjwa. Gari lilikuwa linatembea, basi nani atanunua rejeta? Mama akiuza blanketi kimya kimya, anaonekana anaweza. Sisi watu wa kambi ni mabingwa wa kufunga waya, na ubingwa huo unawafanya wengine waamini kwamba hatuna shida. Wako ndugu zetu waliofika Kiziba mwaka 1996. Yaliyokuwa ya muda yamezaa wajukuu.

Basi jibu langu ni mpangilio tu. Uliza kwanza waya unashikilia nini. Tengeneza hicho. Waya uukate mwisho. Ukiukata kabla, unaua injini. Ukiuacha daima, unamwacha mtu ndani ya joto ambalo si lake. Na aliyefunga waya naye aseme, aandike, amwachie habari anayekuja baada yake.

Siku hizi gari likiingia garaji, kabla sijafungua boneti namuuliza dereva, "Kabla yako, nani alikuwa analiendesha?" Wengine wananiona nazeeka vibaya. Sawa. Kuuliza si ujinga, na simu ya dakika tatu ni rahisi kuliko gasketi.