Sadaka Isiyomvunjia Mtu Heshima



Ndugu zangu Waislamu, mimi ni mtu wa Mtwara niishiye Mbagala. Sisi watu wa kusini tuliohamia Dar es Salaam tuna chama chetu. Kilianza kama vyama vingi vya namna hii vinavyoanza, kwa kuzikana na kuuguzana. Kisha Allah (s.w.) akatukunjulia, tukawa tunachangishana kila Ramadhani kupeleka sadaka nyumbani. Hilo ni jambo jema na sikusudii kulibeza. Lakini yalinikuta mambo mwaka juzi ambayo nikiyanyamazia naogopa nitakuja kuulizwa.

Tulikwenda na gari la mizigo mpaka kijiji kimoja kati ya Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Tulipakia mchele, sukari, tende na mafuta ya kula. Tukatundika bango la chama chini ya mwembe, wazee wakapangwa foleni. Kila aliyefika mbele alishikishwa mfuko, akaambiwa aangalie simu, akapigwa picha, ndipo akaruhusiwa kwenda. Mpigaji picha nilikuwa mimi. Kabla ya Magharibi picha zile zilikuwa zimeshafika Mbagala, Temeke na Muscat.

Shangazi yangu hakuja. Nikampelekea fungu lake nyumbani. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza hali ya watoto. Kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, njaa yangu anaijua Allah, na jirani yangu anaijua. Na watu wa Dar nao walikuwa na haja ya kuijua?" Mfuko aliupokea, kwa kuwa hakutaka kunirudisha nao. Asubuhi nilipokwenda kumuaga, alikuwa ameshawagawia majirani.

Ndugu zangu, nilirudi Dar na swali hilo kifuani. Nilipoufungua Msahafu nikaona kuwa shangazi, ambaye hakusoma zaidi ya madrasa ya kijijini, alikuwa amenisomea Surat al-Baqarah. Katika aya ya 264 Allah (s.w.) anatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia, na anamfananisha mwenye kutoa ili aonwe na watu na jabali lililofunikwa na udongo, mvua kubwa ikalipiga na kuliacha tupu. Katika aya ya 273 anawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Watu wa namna hiyo ndio waliojaa vijiji vyetu. Je, sisi tumewafanyia nini? Stara ambayo Allah amewasifia kwayo, sisi tumeivua mbele ya kamera.

Na tusisahau kuwa watu hawa nao ni watoaji. Gesi ya Mnazi Bay inatoka katika ardhi yao. Tangu mwaka 2015 inapita katika bomba kutoka Madimba mpaka Dar es Salaam, ikazalisha umeme tunaoutumia sisi. Mwenye kukuwashia taa humpangi foleni kwa kilo mbili za sukari.

Wapo watakaosema: bila ya picha wachangiaji wataamini vipi? Hoja hii ina uzito. Amana lazima ionekane, na aya ya 271 ya sura hiyo hiyo inasema sadaka ya dhahiri ni njema, ingawa ya siri kwa mafakiri ni bora zaidi. Basi tudhihirishe sadaka, tusidhihirishe uso wa mhitaji. Yapigwe picha magunia, ipigwe picha stakabadhi, hesabu isomwe msikitini mbele ya wote.

Na lipo jambo kubwa zaidi ya picha. Sisi si wahamiaji wa kwanza kutoa sadaka katika nchi hii. Wazee wanaikumbuka East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945 na Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, Imamu wa Waismailia. Jamii yake hapa kwetu asili yao kwa wingi ni wahamiaji kutoka Bara Hindi. Jumuiya ile ilijenga misikiti na shule kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hawakuwa Waismailia. Ilivunjwa hapa Tanzania mwaka 1968, na hilo lina mjadala wake, si mada yangu leo. Ninachotaka tukitazame ni utaratibu wake: Aga Khan aliahidi kutia shilingi kwa kila shilingi ambayo Waislamu wenyewe wangeichanga. Hapo mpokeaji hakuwa ombaomba. Alikuwa mshirika, ana lake mkononi, na ana haki ya kuuliza hesabu.

Basi nimependekeza chamani, nami nalipendekeza kwenu wote mlio na vyama vya nyumbani. Futari iendelee, lakini igawiwe usiku, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wa jirani anayemjua mhitaji. Na kila mwaka tuwaulize watu wa kijiji wanataka nini kitakachobaki: kisima, paa la madrasa, au mashua ya wakfu. Wao walete walichonacho, nguvu zao, mawe yao au korosho zao, nasi tutie mfano wake.

Abu Talha (r.a.) alipoitoa bustani yake aipendayo kuliko mali zake zote, Mtume (s.a.w.) alimshauri awape jamaa zake. Shangazi zetu ndio hao jamaa. Tusiwanunue kwa mfuko wa mchele.

Picha zile nimezifuta katika simu yangu. Zilizokwisha kwenda kwa watu siwezi kuzirudisha, na kwa hizo namuomba Allah msamaha, na shangazi pia. Allah azitakabalie sadaka zetu na atusitiri kama tunavyopaswa kusitiriana. Amin.

Wabillahi tawfiq.