Nilipoitwa kurudia kipimo: Je, hofu ni upungufu wa tawakkul?



Ndugu msomaji, suala ninalolileta wiki hii nimelifundisha darasani kwa miaka mingi kabla halijanifika mwenyewe. Je, Muislamu anayekosa usingizi kwa kuogopa majibu ya daktari amepungukiwa tawakkul?

Alhamisi moja alasiri, nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu, simu yangu iliita. Alikuwa muuguzi wa hospitali ambako siku sita kabla nilikuwa nimepigwa picha ya matiti, ile inayoitwa mamogramu. Akasema, "Daktari anaomba urudi Jumanne upigwe picha nyingine." Nikamuuliza kuna nini. Akajibu, "Daktari atakueleza ukija." Simu ikakatwa. Mazungumzo hayo hayakufika dakika moja, nami niliyabeba kwa siku tano.

Nina miaka 39. Katika nchi nyingi kipimo hiki hupendekezwa kuanzia miaka 40 au 50, lakini mimi niliambiwa niwahi kwa sababu ya mama yangu mkubwa, Allah amrehemu. Yeye aliona uvimbe titini akaufunika kwa kanga karibu miaka miwili, na kila alipoulizwa mbona anakonda alisema amemwachia Mungu. Alipofikishwa Ocean Road ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Muosha maiti hasemi alichokiona, nami sitasema. Nasema tu kwamba nilikuwapo.

Basi usiku ule wa Alhamisi niliswali Isha rakaa tano, na aliyenitanabahisha alikuwa binti yangu aliyekuwa nyuma yangu. Nikasujudu sijda ya kusahau. Bafuni nikawa najibonyeza-bonyeza mpaka ngozi ikauma, kisha maumivu yale yale niliyojitia mwenyewe yakawa ushahidi mpya wa ugonjwa. Mume wangu nilimweleza siku ya pili tu. Nilidhani namhurumia kwa kumficha, kumbe alikuwa ameshajua kuna jambo tangu aliponiona nimeka kitandani na simu saa nane za usiku.

Ijumaa asubuhi, Ustadh mmoja ninayefundisha naye aliniona sina raha. Nilimwambia tu kwamba nimeitwa hospitali kurudia kipimo na moyo haujatulia. Akatabasamu, akasema, "Ukhti, si wewe unayewafundisha watoto tawakkul? Muislamu hababaiki." Hakuwa na nia mbaya, na aliniombea dua. Lakini maneno yake yaliniongezea mzigo juu ya mzigo. Nilikuwa naogopa ugonjwa, na sasa nikawa naogopa kwamba kuogopa kwangu ni dhambi.

Kabla sijafika kwenye hoja yenyewe, niseme kile ambacho muuguzi yule angeweza kunieleza kwa nusu dakika. Mamogramu ni picha ya eksirei. Titi hubanwa baina ya vibao viwili ili litandazike, kisha mionzi kidogo hupitishwa. Mafuta huonekana ya kijivu au meusi, nyama ya titi huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Kwa wanawake wengi ambao bado hawajakoma hedhi, titi huwa na nyama nyingi, kwa hiyo daktari anatafuta cheupe ndani ya cheupe. Nyama zikilaliana tu zinaweza kuonekana kama kitu. Kadhalika kifuko cha maji kisicho na madhara, au chembechembe za chokaa, au kwa kuwa hakuna picha ya zamani ya kulinganisha nayo. Kuitwa kurudi, kwa hiyo, mara nyingi maana yake ni kwamba picha ya kwanza haikutosha kutoa jibu.

Huduma ya afya ya Uingereza inawaambia wanawake wake kwamba katika kila 100 wanaopigwa picha hii, wapatao 4 huitwa kurudi, na kati ya hao 4 ni mmoja hivi anayekutwa na saratani. Hiyo ni hesabu ya wanawake wa miaka 50 na zaidi, ambao wengi wao hawana dalili yoyote. Kwetu ni tofauti. Wengi huja hospitali wakiwa wameshauona uvimbe, na wengi huja ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Nilizisoma hesabu hizo usiku, zikanituliza kwa muda wa dakika kumi. Kisha nikaanza kujiona mimi ndiye yule mmoja.

Sasa tuje kwenye neno la Ustadh, kwamba Muislamu hababaiki. Jumamosi baada ya Alfajiri nilifungua Sura ya Al-Qasas, ambayo nimeifundisha mara nyingi, nikasoma habari za mama yake Nabii Musa (a.s.). Mama huyu alipewa ahadi ambayo mimi na wewe hatujapewa. Katika aya ya 7 Allah anamjulisha kwamba mtoto atarudishwa kwake na atafanywa Mtume. Wala haikuwa ahadi ya daktari wala ya sheikh. Pamoja na hayo, aya ya 10 inaeleza kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na alikaribia kuitoa siri nje lau Allah asingeufunga moyo wake. Ikiwa mwenye ahadi ya Allah moyo wake ulifika hapo, mimi mwenye ahadi ya muuguzi kwamba "daktari atakueleza" ningekuwaje?

Na kuna jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalipita. Ile ile aya ya 7 inamwambia atakapomhofia mtoto amtie mtoni. Yaani hofu imetajwa kabla haijafika, na imewekewa kazi ya kufanya. Anakatazwa isimtawale, lakini haambiwi kwamba akiipata imani yake imekwisha. Kisha aya ya 11, akiwa na moyo ule ule mtupu, anamtuma dada yake Musa akafuatilie. Hakukaa ndani akasema nimemwachia Mungu. Alimtuma mtoto wa kike kando ya mto akaangalie kwa mbali.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na hamu na huzuni, kama ilivyopokewa na Bukhari, na mtu hajikingi na kitu ambacho hakiwezi kumfika. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), alipoandika juu ya tawakkul alisema kwa maana kwamba anayewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, akidai anamtegemea Allah, huyo ni punguani na hana tawakkul yoyote. Dawa nayo akaihesabu katika sababu ambazo kuzitumia hakuvunji tawakkul.

Hapo ndipo nilipomkumbuka tena mama mkubwa, na safari hii kwa namna nyingine. Miaka yote nimekuwa nikisema aliponzwa na ujinga wa mambo ya afya. Sidhani tena. Mama mkubwa alijua. Aliogopa, tena aliogopa kuliko mimi, ila sisi jamaa zake, na mimi mwalimu wa dini nikiwemo, tulikuwa tumemfundisha kwamba Muislamu haogopi. Basi hofu yake tukainyima jina, na neno pekee la heshima lililobaki mdomoni mwake likawa kwamba amemwachia Mungu. Lau angepata mtu mmoja wa kumwambia "naogopa kwenda" bila kuambiwa kwamba imani yake ndogo, huenda angekwenda. Allah ndiye ajuaye.

Kwa hiyo sikubaliani na ndugu zangu wahadhiri wanaoilaani hofu juu ya mimbari bila kutofautisha. Ipo hofu inayomwinua mtu akapande daladala kwenda hospitali, na ipo inayomfungia ndani. Ukizilaani zote mbili, ya pili haiondoki. Inavaa kanzu ya tawakkul na kuketi safu ya mbele.

Jumatatu nilikuwa na kipindi cha nguzo ya sita ya imani, Qadar. Nilieleza kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuza msafara kwa sababu ya tauni ya Sham, na jibu lake kwa Abu Ubayda (r.a.) kwamba walikuwa wakitoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Ustadhat, kama jambo limeshatokea ila hatujalijua tu, kama matokeo ya mtihani yaliyokwisha sahihishwa, dua inafanya kazi gani?"

Hakujua alichokigusa. Usiku kucha nilikuwa namwomba Allah kitu kile kisiwepo, na picha ilikuwa imeshapigwa. Kama kipo, kilikuwepo tangu kabla ya ile simu. Nilimjibu kijana kwamba dua yenyewe ni ibada, na kwamba elimu ya Allah haifungwi na kabla na baada kama yetu, hivyo ombi la leo alilijua tangu milele. Jibu hilo ni sahihi. Lakini lilikuwa la ubaoni. La kwangu lilikuja njiani narudi nyumbani. Nilichokuwa naomba kilikuwa kidogo mno, kwani kile kilichoko kwenye picha hakikuwa ndiyo mwisho wa habari. Zilikuwa zimebaki Jumanne, mikono ya daktari, matibabu kama yangehitajika, watoto wangu, na huu moyo. Nabii Ayyub (a.s.) aliomba kuondolewa madhara, kwa hiyo afya niliendelea kuiomba wala sioni haya. Ila usiku ule niliongeza lile alilofanyiwa mama yake Musa, moyo wangu ufungwe. Sikulala sana. Niliswali Isha rakaa nne.

Jumanne nilikwenda na mume wangu. Niliomba mtaalamu wa kike wa kupiga picha, nikampata. (Dada zangu wanaoacha kwenda kwa sababu ya sitara wajue inafaa kuomba, na asipopatikana wa kike, wanavyuoni wameruhusu wa kiume kwa haja ya tiba.) Katika benchi niliketi na mama mmoja wa makamo, naye ameitwa kurudi. Tulishikana mikono kama tuliojuana siku nyingi. Nilipigwa picha tena, kisha altrasaundi. Daktari akasema kuna kivimbe kidogo chenye kingo laini, kinaelekea kabisa kuwa si saratani, lakini nirudi baada ya miezi 6 kikaangaliwe.

Nilipotoka, yule mama alikuwa ameshaambiwa atachukuliwa kinyama kikapimwe. Aliniuliza, "Vipi wewe, mwanangu?" Nikamwambia. Akasema Alhamdulillah kwa sauti, kwa ajili yangu, mimi ambaye yangu niliimeza nikiona haya kuitamka mbele yake. Nilimwambia naogopa kwa ajili yake. Akasema, "Hata mimi naogopa. Ijumaa nitakuja."

Mama mkubwa ameacha mabinti wawili. Yule mkubwa ameshakwenda kupimwa. Mdogo anasema hataki kujua, amemwachia Mungu. Jumapili nakwenda kwake, na sitaanza na hadithi wala aya. Nitaanza na zile rakaa tano.