Mtu Ana Nafsi, au Mtu ni Nafsi?

Siku moja nilikuwa nikifundisha viambishi vya nafsi. Ubaoni niliandika nafsi ya kwanza, nafsi ya pili na nafsi ya tatu: ni-, u-, a-, na wingi wake: tu-, m-, wa-. Mwanafunzi mmoja, ambaye jioni alikuwa akihudhuria mafundisho ya ubatizo, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, nafsi hii ndiyo ile tunayoambiwa kanisani kwamba itaokolewa?" Darasa zima lilicheka. Mimi nami nilicheka, nikamjibu kwamba sarufi ni sarufi na dini ni dini, kisha nikaendelea na somo. Lakini swali lile halikuniacha. Kila nilivyozidi kulitafakari, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sisi tuliocheka ndio tuliokosea.

Makala hii yajaribu kumjibu mwanafunzi yule, ijapokuwa amekwisha kumaliza shule zamani. Swali lenyewe naliweka hivi: kwa imani ya Kikristo, je, mtu ana nafsi, kama vile mtu alivyo na shati au shamba, au mtu mwenyewe ndiye nafsi? Huenda msomaji akaona kuwa hilo ni jambo la wanatheolojia, lisilomhusu mwalimu wa Kiswahili. La hasha. Jinsi swali hili lilivyojibiwa imepata kuamua jinsi watu walivyotendewa, na mwalimu ni mtunzaji wa maneno yaliyotumiwa kulijibu.

Tuanze basi na maneno. Mswahili anapotaja roho, hana maana moja tu. Aliyekufa amekata roho. Mkarimu ana roho nzuri, na hasidi ana roho mbaya. Mwenye hofu kuu roho yake i mkononi. Na anayeshikwa koo husemwa kuwa amekabwa roho. Neno nafsi nalo lina mapana yake: twasema "mimi nafsi yangu", na aliyetenda uovu nafsi yake humsuta. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya Agano la Kale. "Nafs" ya Kiarabu ni ndugu wa "nefesh" ya Kiebrania, na "ruh" ni ndugu wa "ruah". Kwa hiyo wamisionari walipoanza kutafsiri Biblia huko pwani katika karne ya 19, walikuta maneno yaliyo karibu sana na yale ya Musa na Daudi yakitumika sokoni na nyumbani.

Kwetu katika nchi za Maziwa Makuu kazi haikuwa nyepesi hivyo. Nchini Rwanda, Wakatoliki humwita Roho Mtakatifu "Roho Mutagatifu", na neno roho wameliazima katika Kiswahili. Waprotestanti husema "Umwuka Wera", kutokana na neno lenye maana ya pumzi. Nchini Burundi, Wakatoliki husema "Mutima Mweranda", na mutima ni moyo. Waprotestanti husema "Mpwemu Yera", kutokana na neno la Kiyunani "pneuma". Nchi mbili jirani, lugha mbili zinazosikilizana, na majina manne! Kila jina limechungulia jambo lile lile kupitia dirisha lake: pumzi, moyo, au neno geni lililohofiwa kutafsiriwa.

Maandiko yenyewe yasemaje? Katika Mwanzo 2:7 twasoma kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi, na mtu akawa "nefesh" yenye uhai. Mwalimu wa lugha na akitazame kitenzi hicho: mtu hakupewa nafsi, alikuwa nafsi. Tena neno hilo hilo, katika sura ya kwanza ya kitabu hicho, hutumiwa kwa samaki na wanyama. Na maana yake ya asili yahusu koo, pale pumzi na chakula vipitapo. Kiebrania na Kiswahili, kila kimoja kwa njia yake, vimeweka uhai wa mtu kooni: mahali anapoona kiu, anapolia na anaposema.

Katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, neno "psyche" limeshika mahali pa "nefesh". Hapa watafsiri wetu walitaabika. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, neno hilo moja la Kiyunani limefasiriwa roho katika Mathayo 10:28, panapotajwa wauao mwili, na limefasiriwa nafsi katika Marko 8:36, panaposemwa juu ya mtu aupataye ulimwengu wote. Msomaji asiyejua jambo hili hudhani kwamba Yesu alikuwa akisema juu ya vitu viwili. Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 5:23, ataja nafsi, roho na mwili pamoja, na kutokana na hapo wengine wamefundisha kwamba mtu ana sehemu tatu. Wengine hushika mbili tu, mwili na roho. Wengine, kama Waadventista, hufundisha kwamba mtu mzima ndiye nafsi, na kwamba akifa hulala hadi ufufuo.

Mgawanyo mkali wa mwili na roho ulipata nguvu Wakristo walipokutana na falsafa ya Wayunani. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaedo, amwonyesha Sokrate akinywa sumu kwa utulivu, kwa kuwa aliamini kwamba roho yake ilikuwa ikitoka kifungoni. Mwaka 1955 mwanatheolojia Oscar Cullmann, katika mhadhara alioutoa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikilinganisha kifo hicho na cha Yesu, aliyehuzunika na kuogopa huko Gethsemane. Kwa Sokrate mauti ni rafiki. Kwa Yesu ni adui. Kwa sababu hiyo, alisema Cullmann, tumaini la Wakristo wa kwanza halikuwa kwamba roho haifi, bali kwamba wafu watafufuliwa. Si wote waliomkubali. Kanisa Katoliki, mathalani, hufundisha kwamba roho hudumu baada ya kifo. Hata hivyo Thomas Aquinas, mwalimu wake mkuu wa karne ya 13, alishikilia kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili kuwa mwili wa mtu, na kwamba roho peke yake, bila mwili, siyo mtu kamili. Na Wakristo wa madhehebu nyingi wakirirapo imani yao hutaja ufufuo wa mwili.

Sasa nafika penye uzito. Mtu akisadiki kwamba roho ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine, ataweza kumtendea mtu mmoja kana kwamba ni wawili. Ndivyo ilivyokuwa. Katika bandari ya Luanda, watumwa walibatizwa kwa makundi kabla ya kupakiwa merikebuni. Padre Alonso de Sandoval, aliyewapokea walioshuka huko Cartagena, katika nchi ambayo leo ni Kolombia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1627 kwamba wengi wao walikuwa wamemwagiwa maji bila kuelezwa maana yake. Mwaka 1667 baraza la Virginia lilipitisha sheria kwamba ubatizo haubadili hali ya mtumwa. Yaani roho iende mbinguni, mwili ubaki shambani. Waliotunga sheria ile walikuwa Wakristo. Hawakukana kwamba mtumwa ana roho. Walikubali kwamba anayo, kisha wakaitenga naye.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Imani ile ile ilikuwa ngao ya walioonewa. Mwaka 1537 Papa Paulo III alitangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli kweli, wawezao kuipokea imani, na kwamba wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Padre Bartolomé de las Casas aliwatetea huko Valladolid mwaka 1550 na 1551. Yeye mwenyewe hapo awali alikuwa amependekeza Waafrika wapelekwe huko kuwa watumwa, na baadaye akalijutia sana jambo hilo. Na karibu nasi, huko Namugongo, Uganda, mwaka 1886, vijana walichomwa moto wasiikane imani yao. Nani atathubutu kuwaambia watu kama hao kwamba lile fundisho la roho isiyoweza kuuawa ni ndoto ya Wayunani?

Mimi sithubutu. Nasema hili tu: tuangalie ni nani atumiaye fundisho hilo, na juu ya mwili wa nani. Mtu akisema juu ya mwili wake mwenyewe, "Uchomeni, mimi hamtaniua," huo ni ushujaa. Lakini akisema juu ya mwili wa mwenziwe, "Na uteseke, maadamu roho yake i salama," huo ni ukatili uliovaa kanzu. Waraka wa Yakobo uliliona jambo hili mapema, ulipomkemea amwambiaye ndugu mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alionyesha jinsi lugha ya Kinyarwanda inavyovigawa vyote vilivyoko katika mafungu manne ya shina moja: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mtu si kitu. Kiswahili nacho chashuhudia hivyo. Watu wa pwani nao walimiliki watumwa, na hatuna budi kulikiri hilo. Lakini lugha yao ilikataa kuwafuata. Mtumwa alibaki katika ngeli ya mtu. Na kijakazi, ijapokuwa jina lake laanza na ki-, hakusemwa "kimekuja", bali "amekuja". Bwana alimhesabu pamoja na mali yake, na sarufi ikamsuta kila alipofungua kinywa.

Basi, kama mwanafunzi wangu angekuwapo leo, ningemjibu hivi: Naam, mwanangu, nafsi ni ile ile. Wakristo wengi hukiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu, wala hawamaanishi vitu vitatu vilivyofichwa ndani yake. Na mtu ni nafsi kwa kuwa aweza kusema "mimi", na kwa kuwa yupo amwitaye "wewe". Nafsi siyo kipande kilichofichwa ndani ya mwili kama sarafu ndani ya kibubu. Kama hudumu baada ya kifo, na namna gani, makanisa yatazidi kujadiliana. Lakini maadamu mtu yu hai, yeye mzima ndiye aitwaye: mwenye koo linalokauka, mwenye tumbo linaloona njaa, mwenye jina.

Ndugu walimu, kila asubuhi twaita majina darasani. Mmoja huitika kwa sauti dhaifu, kwa kuwa hakula tangu jana. Tusiseme kwamba kazi yetu ni akili yake, na ya padre ni roho yake, na ya wazazi wake ni mwili wake. Aliyeitika ni mmoja tu.