Shukrani Kabla ya Ziada

Kijito cha Naviundu, kipitacho pembezoni mwa Lubumbashi, hakichukui mashua. Lakini maji yake, yakiisha kuingia Kafubu, huishia katika Luapula, mto ambao kwa njia ya bandari ya Kasenga, iliyo mbali na sisi kwa kilometa zipatazo 200, umewalisha samaki watu wa mji huu tangu zama ulipoitwa Elisabethville. Kwa hiyo mkazi wa Naviundu, ijapokuwa hana omo wala tezi ya kushika, ana sehemu yake katika swali linalowahusu wanaojitafutia riziki majini: mtu aliye na injini ndogo ya mashua, akitaka impe nguvu kupita kiasi alichokikadiria muundaji wake, kwa kuitia kamshafti nyingine na bomba jingine la moshi, je, huyo afanya juhudi inayosifiwa, au afuata tamaa inayolaumiwa?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuijue kazi yenyewe. Kamshafti ni mhimili wenye nundu, na nundu hizo ndizo zifunguazo valvu. Zikichongwa ziwe pana zaidi, valvu hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, na injini izungukapo kwa kasi sana silinda hujaa vema na nguvu huongezeka. Lakini injini hiyo hiyo ikizunguka polepole, hewa iliyokwisha kuingia hupata nafasi ya kutoka tena, na nguvu hupungua pale pale inapotakiwa, mashua yenye shehena iondokapo gatini. Aghalabu, basi, nguvu ya juu imenunuliwa kwa nguvu ya chini. Na iko hatari iliyojificha zaidi. Injini nyingi za petroli zikaazo ndani ya mashua hupoza moshi wake kwa maji yamwagwayo katika bomba. Valvu za kuingizia na za kutolea zikiachwa wazi pamoja kupita kiasi, moshi huyumba na kurudi nyuma, ukivuta ukungu wa maji mpaka ndani ya silinda, ambamo kutu huanza kimya kimya kabla ya injini kuzimika mbali na pwani. Kadhalika bomba la gari, lisilozungukwa na maji, likifungwa katika tumbo la mashua ya mbao penye mvuke wa petroli, laweza kuwasha moto usio na pa kuukimbilia.

Hata pasipo maafa, maji yana kanuni yake. Kwa rafadha, kuongeza mwendo kwa robo moja hudai nguvu karibu maradufu. Na mashua ya mita 9 iendayo kwa kupasua maji, ikifikia kilometa 13 au 14 kwa saa, huanza kuupanda mlima wa wimbi lake mwenyewe, na nguvu izidiyo hapo huliwa na wimbi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni dalili ya kuwa mja yampasa kukinai na alichopewa. Hasha, hukumu hiyo ni nyepesi mno. Injili imemlaumu mtumishi aliyeifukia talanta yake, na Uislamu haukupata kuufanya uvivu kuwa uchaji. Mvuvi ashindanaye na mkondo wa Luapula wakati wa mvua hatendi dhambi kwa kutamani nguvu zaidi. Lakini dini zetu zimeitanguliza shukrani mbele ya ziada, na shukrani ya fundi si maneno ya ulimi. Ni kukwangua uchafu ulioganda chini ya mashua, kunyoosha panga za rafadha zilizopinda au kuweka rafadha inayolingana na injini, kupima nafasi za valvu, kusafisha njia ya mafuta na ya hewa. Afanyaye hivyo huona mara nyingi kwamba nguvu aliyokuwa akiililia alikuwa nayo tangu mwanzo, akiipoteza kwa taksiri yake mwenyewe.

Na akiisha kushukuru kwa namna hiyo, bado haja ikabaki, basi na aulize ni nani atakayeilipia ziada anayoitaka. Injini ni mali ya mwenye chombo, lakini roho za mabaharia na abiria ni amana; kuzihatarisha bila ya wao kujua, kwa ajili ya fakhari ya kuwapita wenzake, ni dhuluma, hata kama chombo kitafika salama. Haja ya kweli na itimizwe kwa injini iliyoundwa kwa kazi hiyo, au kwa mabadiliko ya fundi aijuaye bahari na mashua, si gari peke yake. Wewe msomaji, uwe mwenye chombo au fundi, anza na ulichopewa. Kitengeneze mpaka kitoe haki yake yote, ndipo uombe zaidi.