Sikukuu ya Vibanda Shambani Kwetu



Mavuno yakikaribia, kijiji chetu cha Nalasi huwa kimya. Milango hutiwa kufuli, kuku huachiwa jirani, nao watu huhamia mashambani na sufuria, mikeka na majembe. Huko hujenga kibanda cha nyasi, au dungu juu ya miti, wakalala humo ili nguruwe na nyani wasimalize mahindi na mpunga. Na korosho zianzapo kuanguka, wengi huhama tena.

Sisi tulio watumishi wenu tumezoea kunung'unika juu ya jambo hili. Tumetazama viti vitupu siku ya Jumapili, tukasema, "Shamba limekuwa mungu wao." Leo tunaungama kwamba tulisema upesi mno.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, tulipanda baiskeli kwenda kuitafuta jamaa moja tuliyokuwa hatujaiona kanisani kwa majuma saba. Tulikwenda na maneno makali tayari kinywani. Tulifika jua linatua. Tukawakuta baba, mama, bibi na watoto wanne wameuzunguka moto mmoja, wanakula ugali katika sahani moja. Bibi alikuwa akiwasimulia wajukuu jinsi wazee wake walivyovuka Mto Ruvuma. Tulikaribishwa, tukanawa, tukala. Kabla ya kulala baba alisema, "Na tusali," na mtoto wa pili akaiongoza Sala ya Bwana toka mwanzo hata mwisho bila kukosea. Baadaye baba alitusindikiza njiani, akatuambia kwa sauti ya chini, "Padre, kule kijijini sijapata kumsikia mtoto huyu akisali. Sikujua kama anajua."

Yale maneno makali tulirudi nayo nyumbani bila kuyasema.

Basi tujiulize, kwa nini hakujua? Kwa sababu kijijini baba hula barazani na wanaume wenzake, mama na watoto hula jikoni, na vijana hutoka kwenda senta mpaka usiku. Nyumba ya matofali na bati ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini ina milango mingi. Kibanda kina mlango mmoja na moto mmoja.

Katika nchi ya Wales, nchi ya vilima na kondoo iliyo magharibi ya Uingereza, ziko jamaa za watu wa mjini ambazo wakati wa likizo humlipa mkulima fedha ili wapige hema katika shamba lake. Hupika nje, huchota maji kwa ndoo, na watoto wao hujifunza ng'ombe na kondoo wanavyotunzwa. Watu hao wana nyumba zenye umeme na maji ya bomba, lakini huzifunga wakaenda kulala chini, kwa kuwa wamechoka kukaa kila mtu katika chumba chake. Wao wanakinunua kwa fedha kitu tulicho nacho bure. Nasi twakionea haya, tukidhani ni alama ya umaskini.

Lakini Mungu hakukionea haya. Soma Mambo ya Walawi, sura ya 23. Aliwaamuru Israeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, baada ya kukusanya mazao yao, ili vizazi vyote vijue kwamba aliwakalisha vibandani alipowatoa Misri. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, yataja watakaofurahi katika sikukuu hiyo: wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tena Yohana, alipoandika kwamba Neno alikaa kwetu, alitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kupiga hema. Mwana wa Mungu alikuja akapiga hema yake katikati ya mahema yetu.

Nasi Wakristo wa kusini tusisahau mwanzo wetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, wakaanza maisha mapya huko. Walitoka utumwani kama Israeli, na kama Israeli walianza upya porini.

Ila tusiseme kwamba kila kibanda ni sikukuu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, hasa upande wa kusini-mashariki. Wengi walikamatwa wakati wa mavuno, wakilala mashambani kuwafukuza nguruwe. Maana simba huwafuata nguruwe, na nguruwe hulifuata shamba. Kwa hiyo tunapomwacha mtoto peke yake kwenye dungu ili sisi turudi kijijini kwa mazungumzo, tumemfanya mlinzi wa mahindi, naye mwenyewe hana mlinzi. Na tunapomtoa shuleni majuma mengi, tunayaokoa magunia machache na kupoteza mwana.

Basi tunawasihi mambo matatu. Kwanza, asilale mtu peke yake shambani, mtoto wala mzee. Pili, shule ikiwa wazi, watoto wabaki kijijini na bibi au na shangazi. Likizo ikifika, nendeni wote, iwe furaha yenu. Tatu, kila jioni msali pamoja, na aongoze mtoto. Tena jirani wa shamba la pili, Mwislamu au Mkristo, akiwa mjane au mgonjwa, aitwe motoni penu.

Nasi twawaahidi jambo moja. Hatutangoja tena mje kuvijaza viti vyetu. Wakati wa mavuno tutawafuata, na Ekaristi Takatifu tutaiadhimisha chini ya mkorosho, karibu na vibanda vyenu.

Mavuno yakiisha, kibanda huachwa, nyasi zikaoza, mchwa wakala miti. Isaya aliufananisha mji uliopoteza imani na kibanda cha namna hiyo. Tusiyaache huko tuliyoyapata. Tukirudi kijijini, walau siku ya Jumapili baba na aondoke barazani, aketi na mkewe na watoto wake, wale katika sahani moja, amsikilize mtoto wake akisali.

Mungu aliyewalinda Israeli jangwani awalinde ninyi mashambani, usiku na mchana, awarudishe nyumbani salama wote pamoja. Amina.