Kitu Tulichokinunua, Je, Ni Chetu?

Methali yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakuiona kompyuta, lakini walimjua binadamu. Katika makala hii twataka kuuliza swali moja: mtu akinunua chombo kwa fedha yake halali, kisha chombo hicho, kikiwa kizima, kikanyamaza kwa sababu mtengenezaji wake amekiacha, je, kilikuwa mali ya nani?

Swali hili si la kupitisha wakati. Hapa Maretadu, kama kwingineko Mbulu, zimo kaseti za zamani majumbani mwetu: nyimbo za kwaya, mawaidha ya wazee, na slufay, yaani yale maombi ya baraka ya Wairaqw ambayo mzee mmoja huongoza na wenzake huitikia. Wengi waliosema katika kaseti hizo wamekwisha kufariki. Utepe nao huzeeka. Hujikunja, hushikwa na ukungu, na sauti hufifia. Njia ya kuziokoa ni kuzihamishia katika kompyuta, na mlango wa kupitia ni kadi ya sauti.

Kazi ya kadi hiyo si vigumu kuieleza. Sauti iingiapo kwa waya kutoka redio kaseti, kadi huipima mara nyingi sana, kwa kawaida mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kuwa tarakimu. Kadi duni huchanganya sauti ya msemaji na mvumo wa umeme wa mashine yenyewe. Katika Kiswahili msikilizaji aweza kuvumilia. Lakini Kiiraqw kina sauti nyembamba, kama zile ziandikwazo sl na hh, ambazo mvumo huzimeza upesi. Kwa hiyo kutaka kadi bora hakukuwa anasa.

Basi yaliyotupata nyumbani ni haya. Kompyuta ilikuwa na kadi nzuri. Mashine ilipowekewa mfumo mpya wa uendeshaji, kadi ikawa bubu. Fundi aliifungua, akaifuta vumbi, akaijaribu katika mashine kuukuu. Ikasema vizuri kabisa. Kadi haikuwa na ugonjwa. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoifasiria kompyuta lugha ya kadi, na kampuni iliyoiunda haikuiandika kwa ajili ya mfumo ule mpya. Tukauziwa kadi nyingine kwa ahadi kwamba itafaa. Meno yake hayakuingia katika nafasi iliyokuwapo. Nauli za kwenda mjini na kurudi zikapita bei ya kadi. Na muda wote huo kaseti zilikaa kabatini zikizidi kuzeeka.

Tusidhani jambo hili ni la kwetu tu. Kadi za Sound Blaster, zilizotoka Singapore mwaka 1989, zilichomekwa katika nafasi iitwayo ISA. Zikafuata kadi za PCI, na siku hizi nafasi ya kawaida ni PCI Express. Kadi ya aina moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Windows Vista ilipoanza kuuzwa mwaka 2007, vifaa vingi vizima duniani vilikosa draiva. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, hali mashine nyingi zinazoitumia haziwezi kupokea Windows 11.

Sasa tulinganishe na jembe. Jembe tulilonunua gulioni ni letu kweli. Mpini ukivunjika, twachonga mwingine. Mhunzi akifa, jembe halifi naye. Lakini kadi ile tunaishika mkononi tu. Maneno yake ya kuisemesha yamebaki kwa mwingine, naye akinyamaza, yetu nayo hunyamaza.

Yuko atakayesema kwamba mtengenezaji hawezi kuhudumia kila chombo milele, na kwamba wafanyakazi wake nao wanataka kula. Ni kweli, na haki itendeke kwake pia. Lakini asiyetaka tena kukitunza chombo aweza kuwaachia wengine maarifa yake. Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Na kadi nyingi zilizoachwa na watengenezaji zingali zikisema humo, kwa kuwa watu wengine wamezitunza. Basi kufunga maarifa si lazima ya ufundi. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hupimwa kwa haki.

Je, dawa ni kuvikataa vyombo? Nchi yetu ilijaribu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, baada ya fedha nyingi kupotea katika jaribio la kufanya hesabu za Serikali kwa mashine. Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini kufunga mlango hakukutupa mafundi. Baadaye mlango ulifunguliwa, na kujifunza kukaanza karibu upya.

Kwa maoni yetu, kumiliki kitu ni kuweza kukitunza. Risiti peke yake haitoshi. Kabla ya kutoa fedha, tumwulize muuzaji: Je, fundi wa hapa aweza kukitengeneza? Je, kitafanya kazi mashine ikibadilishwa? Je, kipya hiki kitatuwezesha kusikia tusichokisikia sasa, au twavutwa na unyemi wake tu? Sisi mwisho tulisaidiwa na kifaa kidogo cha nje cha USB, cha aina ambayo kompyuta huitambua bila draiva ya pekee, nacho chaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine.

Lakini wajibu wetu wa kwanza si kwa kifaa. Ni kwa wale waliosema, na kwa watoto ambao hawajasikia. Mwenye kaseti asingoje chombo kilicho kamili. Azihamishe sasa kwa alichonacho, hata ukiwapo mvumo kidogo, aandike jina la msemaji na mwaka, wala asiitupe kaseti yenyewe. Mvumo huenda ukapunguzwa siku nyingine na mwenye chombo bora, lakini utepe ukiisha kuoza, hakuna kadi itakayomrudisha mzee aseme tena.